Kitufe cha Kutoka Hakipo

Kwa muda mrefu kazi ya Koromeo ilikuwa kufa. Alikufa redioni kila wiki, saa ya chakula cha mchana, na alikufa vizuri. Alikufa kwa sumu, kwa upanga, kwa kutumbukia kisimani, kwa wivu, na mara moja kwa kicheko, kwa sababu mtunzi wa mchezo ule alikuwa amechoka na alitaka kwenda nyumbani. Alipokata roho, akina mama waliacha mwiko hewani na mboga ikaungua, na akina baba wakashikwa na mafua ya ghafla. Kwa sura hakuna aliyemjua. Lakini akifungua tu kinywa sokoni kuulizia vitunguu, muuzaji alijishika kifua: "We baba! Si tulikuzika juzi?"

Kisha wakubwa wa redio wakaamua kwamba michezo ya kuigiza ni mambo ya kale. Mahali pake wakaweka watu wawili wanaochekeshana wenyewe kwa wenyewe tangu asubuhi, bila kumsumbua msikilizaji. Koromeo akabaki na koo, kazi hana. Umri ulikuwa umeshavuka hamsini. Tumbo lilikubali kuzeeka, nywele zikakubali, koo likagoma. Ukifumba macho ungeapa unamsikiliza kijana wa sekondari aliyelala vizuri na kushiba.

Koo hilo ndilo lililompatia kazi kwa Fundi. Fundi alikuwa dada mwenye studio ya chumba kimoja, na aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyerekodi, ndiye aliyetafsiri, ndiye aliyefagia, na umeme ukikatika ndiye aliyelaumiwa. Walitia sauti za Kiswahili kwenye anime, zile katuni za Kijapani ambazo vijana huzitazama hadi macho yanaiva kama nyanya. Kuta za chumba zilibandikwa vipande vya godoro na trei za mayai. Feni ilizimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo kila shujaa wa studio ile, hata yule wa milima ya barafu, alitokwa na jasho. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karakana ya seremala mwenye msumeno wa umeme. Msumeno ukilia, wao walinyamaza; ukinyamaza, wao walilia. Waliishi hivyo kama wake wenza wanaopishana mlangoni.

Kazi mpya iliyofika ilikuwa kubwa kuliko zote: mfululizo mrefu kuhusu kijana aliyekwama ndani ya gemu. Kama hujawahi kuona hadithi za aina hiyo, usijali, umeziona zote. Kijana ambaye nyumbani kwao hajawahi kuosha hata kijiko anavaa kofia ya nyaya, anaingia ndani ya gemu, gemu linafunga milango, na mwenye gemu anatangaza kutoka mawinguni kwamba ukifia humu umekufa kweli. Kijana anavaa koti jeusi refu, jua liwe kali lisiwe kali. Halafu wasichana ambao shuleni wasingemwazima hata kifutio wanagombania kumchemshia supu. Koromeo alipewa sauti ya kijana huyo. Alifurahi hadi akanunua leso mpya, maana alijua patakuwa na kulia.

Tatizo lilianzia kwenye tukio kubwa la kipande cha kwanza. Shujaa anasimama uwanjani kati ya maelfu ya watu. Anainua vidole viwili, anavivuta chini polepole, anatazama mbele yake, kisha anasema: "Kitufe cha kutoka hakipo." Nakala waliyopewa ilikuwa haijamalizika kuchorwa, na pale mbele ya vidole hapakuwa na kitu, hewa tupu. Koromeo, ambaye gemu la mwisho alilocheza lilikuwa la kuruka kamba, akaitazama ile hewa, akaitafakari kisanii, akafikia uamuzi: kijana anamuaga mama yake.

Basi akaaga. "Kitufe..." akavuta pumzi, "cha kutoka..." akaimeza kwikwi, "HAKIPO!" Na kwa kuwa mdomo wa katuni ulikuwa bado unachezacheza, akaongeza lake mwenyewe: "Ewe mama yangu!" Kilio kilikuwa kikubwa hata msumeno wa jirani haukusikika. Fundi alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akasema, "Mzee, umeniua," akatuma kipande kwa mteja siku hiyohiyo.

Jibu la mteja lilikuwa fupi. Fundi alilisoma kwa sauti huku akimkwepa Koromeo kwa macho.

"Asanteni. Kwa nini shujaa analia? Amekwama kwenye gemu, hajafiwa. Watazamaji wetu ni wachezaji, watamcheka. Na pale anapovuta vidole anafungua menyu, ile orodha ya vitufe vya gemu, hamuagi mtu. Turudishieni tukio hili Ijumaa jioni. Likishindikana, tafadhali jaribuni sauti nyingine."

Sauti nyingine tayari ilikuwa imeketi kwenye benchi pale nje, inatafuna bigijii. Ilikuwa ya kijana mmoja wa matangazo ambaye wote walimwita Sabuni, kwa sababu ya tangazo la sabuni lililomtajirisha, ambalo alilisema kwa meno yote nje. Alikuja "kuwasalimia tu". Watu wa aina yake wana pua. Kaburi halijachimbwa, wao wameshafika na sepetu.

"Pole, Mzee," alisema Sabuni. "Lakini si nasikia wale wa lifti bado wanakutafuta?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Kampuni moja ya majengo ilimtaka Koromeo awe sauti ya lifti. Ghorofa ya tatu. Mlango unafunguka. Ghorofa ya nne. Mtu aliyewahi kuwa mfalme, mchawi, jambazi na mapacha wawili kwa wakati mmoja, amalizie maisha akiwa mlango. Shujaa akimponyoka, kitakachobaki ni lifti, na baada ya lifti hakuna mtu atakayemwandikia tena hata sentensi ya kufa.

Nyumbani alikaa mezani akijaribu. "Kitufe cha kutoka hakipo," kwa hasira. "Kitufe cha kutoka hakipo," kwa unyonge. Kwa kunong'ona. Kwa meno yaliyofungwa. Mkewe, ambaye aliuza dawa duka la kona na kila jioni alirudi ananuka dettol, alivua viatu na kumsikiliza hadi akachoka.

"Unasema kama mtu aliyepoteza meno ya bandia," alimwambia. "Kwa nini usimuulize mama?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Huyo wa chumba cha nyuma. Yeye si mchezaji?"

"Mchezaji wa nini?"

Mkewe akamtazama kama mteja aliyeleta cheti cha daktari kimeandikwa na kuku. "Wewe ulifikiri zile kelele za kila jioni ni za nini?"

Sasa hapa inabidi kueleza. Mama mkwe alihamia kwao alipofiwa na mumewe. Alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana, mwanamke mfupi, mnyoofu, ambaye hata akikuomba chumvi unasimama wima. Kila jioni kutoka chumba chake zilitoka amri: "Rudini nyuma! Nani kakwambia ukimbie? Wewe Bata, ukifa leo usiniite!" Koromeo alizisikia kwa mwaka mzima na zaidi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mama mkwe anagombana kwenye simu na ndugu wa marehemu kuhusu mirathi. Na mkwe mwenye adabu hasikii yanayotoka chumba cha mama mkwe. Zikizidi, aliongeza sauti ya televisheni na kusema moyoni, familia hii ina mambo.

Akaenda kubisha hodi. Akakohoa kwanza, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapo, niko vitani."

Mama mkwe aliketi kitandani, hedifoni juu ya kilemba, kishikwambi kimeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kwenye skrini, jitu lenye miguu mingi lilikuwa linampiga askari mmoja mnene mwenye ngao, na askari huyo alikuwa ni mama mkwe. Nyuma yake vijitu vitatu vilikimbia huku na huku na kulichomachoma lile jitu visigino.

"Wewe ndiye unapigwa?" Koromeo aliuliza, akashtuka kwamba ameuliza.

"Ndiyo kazi yangu. Mimi ni ngao. Namshika mkubwa asiwafikie hawa, na wao wanafanya kazi. Mchoyo! Kunywa dawa! Unazitunzia nani, wajukuu?"

Wenzake hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa sauti na kwa tabia, kama alivyowajua wasichana wa bwenini taa zikizimwa. Bata alikuwa wa kwanza kukimbia kila mara, na wa kwanza kusema hakukimbia. Mchoyo aliokota kila chupa ya dawa na hakunywa hata moja; alishafika mwisho wa gemu mara kadhaa akiwa na ghala zima mgongoni na damu ya mbu mwilini. Wa tatu alijiita Mpweke. Huyo alitangaza tangu mwanzo kwamba hachezi na mtu, anacheza peke yake, asibughudhiwe. Alitangaza hivyo, na kila siku alikuja saa ileile, akasimama hatua chache pembeni yao, peke yake.

"Na wao wanakuonaje?" aliuliza Koromeo.

"Kwa sauti hii nzito, wanadhani mimi ni kijana mwenye hasira. Nusu ni kweli."

Koromeo akaeleza shida yake: kipande, kilio, Ijumaa, Sabuni, lifti. Mama mkwe alisikiliza bila kutoa macho kwenye jitu. Lilipoanguka, akasema, "Chukua simu ya mkeo. Timu yetu ina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Huwezi kuigiza wali kama hujala."

Koromeo akacheza. Yaani, akafa. Aliingia pangoni kwa mwendo wa kifalme, akamezwa na chura. Akarudi, akadondoka darajani akitafuta kitufe cha kusimama. Mara ya tatu aliuawa na mlango.

"Ngao, huyu umemtoa wapi?" sauti ya Bata ilicheka kwenye simu. "Anakufa kama mtu wa redio!"

"Mwacheni," alisema Mchoyo. "Anakufa kwa hisia, lakini."

Koromeo alijinyoosha kidogo kwenye kiti. Sifa ni sifa.

Mwishowe wakamburuta hadi ukumbi wa ndani kabisa. Walipoingia wote, jiwe lilishuka nyuma yao. Puu! Pakafungwa. Kutoka hapana hadi mkubwa wa humo aanguke, na mkubwa wa humo alikuwa anaamka. Koromeo akakaza masikio. Hapa sasa, alijiambia, hapa ndipo watalia.

"Pamefungwa," alisema Bata.

"Nina dawa tatu," alisema Mchoyo.

"Muongo. Una saba, nimekuona ukiokota."

"Sawa, tano. Upinde wangu umebaki na nusu."

"Mpweke, uko wapi?"

Kimya kidogo. Kisha sauti nyembamba: "Nipo."

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto. Naona nguzo mbili. Ya pili ina ufa."

Basi. Hakuna aliyesema ole wangu. Koromeo alihisi kama mtu aliyekwenda msibani akakuta watu wanapima pazia. Walipokufa wote, kwa kosa la Bata, ambaye kwa kauli yake hakukimbia, Koromeo alimgeukia mama mkwe.

"Mama, hawa hawaogopi?"

"Wanaogopa sana. Hukumsikia Mchoyo akitaja dawa zake? Pale alikuwa anatetemeka."

"Lakini hawa wanacheza tu, mama. Wa kwangu anakufa kweli. Mtu anayekufa kweli hawezi kusema 'kitufe hakipo' kama anayesema chumvi imeisha."

Mama mkwe alibonyeza mahali, wenzake wakanyamazishwa. Akavua hedifoni, akakirekebisha kilemba.

"Siku baba yenu alipofariki ulikuwepo hospitalini."

"Nilikuwepo."

"Daktari alipotoka kutuambia, mimi nilisema nini?"

Koromeo alikumbuka, na alitamani asikumbuke. Ukoo mzima ulikumbuka. Daktari alishika mikono yake kifuani, akasema tumejitahidi, shangazi mtu akaanguka chini kwa kishindo, na huyu mama, akiwa amesimama pale na kimkoba chake, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Funguo za kabati ziko wapi?"

"Ulisema funguo," alijibu.

"Walisema moyo wangu ni jiwe. Shangazi yenu bado anasema, na anasema vizuri zaidi akishiba. Hata mimi nilijiuliza, funguo za nini? Ndani ya kabati lile mna mashuka tu." Akatazama skrini, ambapo askari wake alikuwa amelala chali. "Mwanangu, mtu akifungiwa mlango hautazami mlango kwanza. Anapapasa mifuko."



"Hawa watoto wanaocheza hivi wanajua hilo," aliendelea mama mkwe. "Wamefungiwa mara nyingi. Ukiwalilia wanakucheka, si kwa ubaya. Wanajua kilio kinakuja baadaye, ukishapata pa kukaa." Akairudisha hedifoni kichwani, akabonyeza tena. "Haya, ni saa ya kulala. Bata?"

"Nipo, Ngao."

"Mchoyo?"

"Nipo."

"Mpweke?"

Kimya kile kile. Koromeo alijikuta ameshika ukingo wa kitanda.

"Nipo."

"Lala salama." Alipozima, alisema bila kumtazama mkwewe, "Miaka yote ile sikulala bila kuwahesabu wasichana. Nilipostaafu nilikuwa na marehemu wa kumhesabu, mmoja, na alikuwa hakosekani. Huyu Mpweke hajaniambia hata neno la kwao. Lakini haondoki kabla sijamfikia."

Ijumaa, Koromeo alikwenda studio na mama mkwe wake. Hakumwalika. Alimkuta mlangoni amevaa viatu, kimkoba mkononi. "Timu haiendi na mtu mmoja," alisema, na kwa kuwa sauti ilikuwa ile ya bwenini, Koromeo akamfungulia geti.

Fundi alizima feni. Sabuni alikuwa kwenye benchi, anatafuna. Koromeo akasimama mbele ya maiki, akatazama hewa tupu mbele ya vidole vya kijana, na sasa aliiona ile menyu kama vile imechorwa. Akafungua mdomo, akasema sentensi kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepapasa mifuko.

Zzzzzzziiiiii, ulisema msumeno.

Walisubiri. Ukanyamaza. Akaanza tena. Zzzzziiii. Hapo ndipo walipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele yao siku zote: kile kilio chake kikuu kilikuwa kinafunika msumeno. Miaka yote ya studio ile, kila msumeno ulipovunja zamu katikati ya sentensi, shujaa alipiga kelele kuufunika. Sauti hii mpya ilikuwa ndogo mno, na msumeno ulipita juu yake kama lori juu ya kandambili.

Fundi alitoka kwenda kumwomba seremala. Akarudi amefura. "Ana madawati ya shule, anayakabidhi kesho. Anasema yeye hajatuomba tuache kulia, kwa nini sisi tumwombe aache kukata?"

Jua lilishafika kwenye trei za mayai za ukuta wa mashariki. Jioni kipande kilipaswa kuondoka.

"Kwani mkijaribu ile ya nguvu?" alishauri Sabuni kwa upole wa fisi. "Mimi naweza kuisema juu ya msumeno. Nina meno ya kutosha."

Fundi alimtazama Koromeo, na katika macho yake Koromeo aliona lifti ikishuka. Ghorofa ya chini. Mlango unafunguka.

Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye kona, akainuka, akakaza kilemba.

"Ana nguvu kiasi gani huyo?" aliuliza.

"Nani, mama?" alisema Fundi.

"Mkubwa wa huko nyuma." Hakungoja jibu. Alimgeukia Koromeo. "Mimi nitamshika. Ninyi fanyeni kazi."

Akatoka. Wakasikia hodi yake upande wa pili, wakasikia msumeno ukiendelea, kisha ukipungua, kisha ukizimika katikati ya ubao kama mtu aliyekatizwa neno. Pakawa kimya. Kimya cha kweli, ambacho studio ile haikuwahi kukionja mchana.

"Sasa, Mzee," alinong'ona Fundi.

Kijana kwenye skrini aliinua vidole viwili, akavivuta chini. Koromeo hakufikiria kifo, alichokijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alifikiria korido ndefu yenye harufu ya dawa, na mwanamke mfupi aliyesimama na kimkoba chake, anaulizia funguo za kabati.

"Kitufe cha kutoka hakipo," alisema.

Akaacha nafasi, kama ya mtu anayetazama tena kwa sababu pengine hakutazama vizuri. Mdomo wa katuni ulikuwa bado unachezacheza, lakini safari hii hakuujazia kitu zaidi ya pumzi.

Kisha ikaja sentensi ya mwisho wa tukio, ambayo kijana anamwambia mwenzake kabla ya kuondoka uwanjani: "Mimi nitakwenda peke yangu." Mara ya kwanza Koromeo aliipiga kama tarumbeta, kama mfalme anayekataa mwavuli. Sasa alimkumbuka yule wa pembeni, anayekuja kila siku saa ileile kuwa mpweke karibu na watu. Aliisema hivyo. Aliisema kama mtu anayetaka aulizwe: kushoto au kulia?

Nyuma ya kioo Fundi hakujifuta macho. Alikuwa anapapasa mifuko ya sweta lake, mmoja, halafu mwingine, na bila shaka hakujua anatafuta nini. Sabuni alikuwa ameacha kutafuna.

"Turudie?" aliuliza Koromeo.

"Usiguse kitu," alisema Fundi.

Msumeno uliporudi kulia, mama mkwe naye alirudi, vumbi la mbao kwenye kilemba, anahema kidogo.

"Mmemaliza? Maana nimeishiwa na vipimo."

"Vipimo vya nini, mama?"

"Nimeagiza kabati. Mtu yule hasimamishwi kwa maneno, anasimamishwa kwa kazi. Kila alipotaka kurudi kwenye msumeno nilimwongezea urefu. Nilipoona hamjatoka, nikaongeza na upana. Mwisho nilikuwa natafuta pa kuweka droo."

Jibu la mteja lilifika siku chache baadaye. "Sawa. Endeleeni." Koromeo alilisoma mara kadhaa akitafuta sehemu iliyobaki. Mfalme aliyeliliwa na nchi nzima anapewa neno moja na nusu! Alilalamika hadi mkewe akamwambia aache, na usiku ule alisikika bafuni anaiimbia sabuni ya mche. Sabuni mwingine, yule wa benchi, alipewa sauti ya joka linalouza silaha, na aliiweza, maana lilikuwa na meno. Lifti pia akaichukua yeye. Ukipanda jengo fulani refu ukaambiwa kwa furaha isiyo na sababu kwamba mlango unafunguka, ndiye huyo.

Kabati nalo likaja. Watu wanne walilibeba hadi kwa Koromeo, wakafika mlangoni, wakalitazama, wakautazama mlango. Lilikuwa kubwa kuliko chumba lilikotakiwa kukaa. Lililazwa, likasimamishwa, likaingizwa kwa kona, likatolewa kwa matusi. Seremala, aliyelitengeneza kwa uaminifu kipimo kwa kipimo, aliapa kwamba haliwezi kurudi karakana. Koromeo akamlipa kwa koo: alimrekodia tangazo la karakana, na akalia kidogo mwishoni. Seremala mwenyewe ndiye aliyetaka.

Mahali pekee palipolipokea kabati ni studio. Fundi aliling'oa rafu, akalibandika godoro ndani pande zote, akapitisha waya wa maiki kwenye tundu la kitasa. Ukifunga milango yake miwili, msumeno unageuka kuwa nzi wa mbali. Humo ndimo shujaa wa koti jeusi anapoishi mpaka leo, ana jasho zaidi kuliko zamani, na wasichana wa supu bado wanamgombania.

Lina kasoro moja, ambayo hakuna aliyeifikiria, kwa kuwa hakuna anayetengeneza kabati akitarajia kwamba mtu atakaa humo: kwa ndani halina kishikio. Ukifungiwa, umefungiwa hadi wa nje akukumbuke. Siku ya kwanza, ambayo mama mkwe aliahidi kupita kulikagua kabati lake, Fundi alimaliza kurekodi, akatoka kununua maji, akakutana na mtu, wakazungumza. Koromeo alisukuma mlango kwa kiganja, akausukuma kwa bega. Giza, godoro, joto. Hakupiga kelele, ingawa mtaani kwao hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kupiga kelele kumzidi. Alipapasa mifuko. Leso. Pipi ya koo. Nyingine ya koo, imeshikana na leso.

Nje akasikia hatua fupi, nyoofu, na mkono ukigonga ubao.

"Koromeo?"

Akanyamaza kidogo. Sijui kwa nini. Labda alitaka tu kuisikia mara ya pili.

"Koromeo, upo?"

"Nipo, mama."